Khofu ya kuzamia haiondoki kwa kuambiwa "usiogope"



Alikuja bi harusi mmoja dukani kwangu kuchukuliwa vipimo. Tulipomaliza nguo ya nikaha, akaniomba nimshonee na nguo ya kuogelea ya stara, maana mchumba wake keshalipia fungate Nungwi, na ndani yake mna safari ya kuzamia Mnemba. Sauti ikamshuka. "Dada, mie hata kuogelea sijui. Na kila nikimwambia naogopa, ananijibu nisiogope."

Nilimfahamu vizuri. Mie nimezaliwa kisiwani, na mpaka nimeingia miaka ya thelathini maji ya bahari yalikuwa hayajanipita kiuno. Wengi wetu ndivyo tulivyo. Kaka zetu walijifunza kuogelea kwa kujirusha pale Forodhani, sisi tukakaa ukutani kuwashikia viatu. Halafu ikaja Septemba 2011, MV Spice Islander ikazama ikielekea Pemba, na Julai 2012 MV Skagit ikazama karibu na Chumbe. Nani atatulaumu tukiiogopa bahari?

Kwa hiyo rai yangu ni hii: khofu hiyo si ushamba wala si upungufu wa imani. Makosa ni mawili. La kwanza ni kusema "tawakkaltu" ukajirusha bila kujua unachokifanya. La pili ni kuiacha khofu ikufungie mlango hata usiulize. Sote tunalijua tukio la yule bedui na ngamia wake: Mtume (S.A.W.) alimwelekeza amfunge kwanza, ndipo amtegemee Allah. Kwa mzamiaji, kamba ya kumfungia ngamia ni elimu.

Mie niliamua kujifunza. Mahali pa kwanza nilipokwenda walitaka kunipandisha boti siku ile ile. Nilipouliza mwalimu mmoja anachukua wanafunzi wangapi, aliyenipokea akacheka, "Sister, hakuna matata." Nikavaa viatu vyangu nikaondoka. Mahali pa pili walinipa kwanza fomu ya afya: pumu, moyo, masikio, mimba. Kisha wakanitia kwenye bwawa, maji ya kifua, na mwalimu wa kike pembeni yangu. Nikajua hapa naweza kukaa.

Nilidhani nitaogopa papa. Kumbe khofu yenyewe ilikuwa pumzi. Kanuni ya kwanza ya kuzamia ni kutozuia pumzi kabisa. Ukiwa mita 10 chini, mgandamizo ni mara mbili ya ule wa juu. Ukiibana pumzi hapo ukapanda, ile hewa kifuani hutanuka kama puto, na mapafu yanaweza kuumia vibaya. Sasa angalia: mtu akiingiwa na kiwewe hubana pumzi akakimbilia juu, na hilo ndilo la hatari zaidi. Basi tulifundishwa kusimama, kuvuta hewa polepole na kumtazama mwalimu, na tukarudia mpaka mwili ukazoea. Tulijifunza kutoa maji kwenye miwani, kuziba pua na kupuliza taratibu kabla masikio hayajauma, na kutumia mdomo wa akiba wa hewa anaoubeba mwenzako. Tulifundishwa na ishara za mikono. Dole gumba juu chini ya maji halina maana ya "safi", maana yake ni "tupande".

Sasa naongea kama fundi. Ukingo wa mpira wa miwani lazima uguse ngozi. Kitambaa kikiingia chini yake, hata kidogo, maji yatapita. Kwa hiyo kofia ya stara iishie nje ya ukingo. Ushungi wenye ncha zinazoning'inia haufai, unaweza kunasa kwenye vifaa. Mikono mipana hujaa maji ikakuchosha. Shona kitambaa kinachovutika, mikono ibane kwenye kifundo, na ukitaka sketi ya juu iwe fupi na nyepesi. Stara na usalama vinakaa pamoja bila shida, ukimwambia fundi wako mapema.

Maharusi, yenu ni mawili zaidi. Mwenye mimba, au hata anayeshuku anayo, asizamie. Na msipange kuzamia asubuhi mkapanda ndege jioni. Baada ya kuzamia mara moja subirini angalau saa 12, na mkizamia mara kadhaa subirini 18.

Na nyinyi waume mnaosomewa haya na wake zenu: wazamiaji wana desturi kwamba yeyote anaweza kuisimamisha safari wakati wowote, na hadaiwi sababu. Mkeo akionyesha dole juu, mnapanda wote. Hakuaibishi. Anafanya alichofundishwa.

Siku yangu ya kwanza baharini nilishuka mita 9. Moyo ulinidunda njia nzima, sitawadanganya. Lakini nilijua mkono wangu uende wapi na pumzi yangu ifanye nini. Nilipoinua macho nikaona samaki wa manjano wamejipanga juu ya matumbawe, nikasema Subhanallah moyoni, maana mdomo ulikuwa na kazi.

Yule bi harusi hakuzamia fungate ile. Alikaa na mumewe kwenye maji ya kifua siku mbili, wakijifunza kuelea tu. Juzi kaniletea ile nguo nimpunguze mikono, anasema inamzuia, na keshajiandikisha masomo ya kuogelea. Kwangu mie huo ndio ujasiri.

Allah atupe elimu yenye manufaa, na awalinde wote walio baharini. Amin.