Kifua Kikuu: Dawa ni Zile Zile, Vikwazo ni Mbalimbali

Tangu ulipoanzishwa Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma mwaka 1977, Tanzania imejipatia sifa ya haki katika vita dhidi ya maradhi hayo. Uzoefu uliopatikana hapa, wa kumsimamia mgonjwa ameze dawa na kuandika matokeo yake daftarini, ulichangia utaratibu ambao Shirika la Afya Duniani liliueneza kwa mataifa mengine katika miaka ya 1990. Matibabu ni bure, nayo kwa kawaida huchukua miezi 6: dawa 4 kwa miezi 2 ya kwanza, kisha dawa 2 kwa miezi 4 iliyobaki.

Dawa hizo hazimbagui mwanamume wala mwanamke. Hata hivyo, matokeo hayalingani. Shirika hilo lilikadiria kuwa mwaka 2023 waliugua duniani wanaume milioni 6.0, wanawake milioni 3.6 na watoto milioni 1.3. Aidha, tafiti katika nchi nyingi zimeonyesha kwamba wanaume huelekea zaidi kuacha dawa njiani au kufariki kabla ya kumaliza dozi. Ni makosa kudhani kuwa sababu zote zimo mwilini. Nyingine zimo katika kazi, katika fedha na katika mila.

Tutazame Ziwani na vijiji vya pwani ya Mtwara. Mvuvi huenda dago kwa majuma kadhaa, akifuata samaki hata kwenye mlango wa Mto Ruvuma. Kibarua naye hufuata msimu wa korosho. Baada ya miezi miwili ya dawa kikohozi hupungua, nguvu hurudi, na mtu hujiona amepona. Huondoka na vidonge vichache, vikamwishia huko huko. Daftari litasema amepotea. Hakupotea, yuko kazini. Lakini vimelea vilivyobaki hupata nafasi ya kuwa sugu, na wenzake katika kibanda kimoja huvuta hewa ile ile. Pombe na tumbaku huongeza madhara.

Mwanamke naye anavyo vikwazo vyake, na aghalabu humkabili kabla hajaanza dawa. Hana nauli mpaka apewe. Hana wa kumwachia watoto. Huona haya kukohoa na kutoa makohozi mbele ya watu. Tena huogopa kuachwa akijulikana anaumwa. Yeye ndiye humkumbusha mumewe kumeza vidonge. Je, anapougua yeye, nani humkumbusha?

Haitoshi, basi, kuwahimiza wananchi wote kwa maneno yale yale. Daftari la kifua kikuu linaonyesha kama mgonjwa ni mwanamume au mwanamke. Watumishi wa afya na viongozi wa halmashauri hawana budi kuitumia habari hiyo hadi mwisho: wasiulize tu ni wangapi walioandikishwa, bali ni wanaume wangapi na wanawake wangapi waliopona, waliofariki na walioacha dawa. Mvuvi aulizwe mapema safari yake ni lini, apangiwe dawa za kutosha au kituo cha kuzichukulia huko aendako. Mwanamke apewe faragha ya kutoa makohozi, na mumewe aelezwe wajibu wake.

Walimu nao wana sehemu yao. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilithibitisha kwamba elimu ikifika kijijini kwa lugha ya wananchi, wananchi huitikia. Mtoto anayejua kuwa kikohozi cha majuma mawili hupimwa, na kwamba kifua kikuu kinatibika, hupeleka habari hiyo nyumbani kwa baba na mama.

Usawa katika afya hautimii kwa kumpa kila mgonjwa pakiti ile ile ya vidonge. Hutimia pale mvuvi wa Ziwani na mkewe, kila mmoja kwa njia yake, wanapofika mwisho wa mwezi wa 6 wakiwa wamepona.