Quebec ina uwanja, ina watu, haina timu

Ukitaka kujua matajiri wa klabu zetu za England wanafikiria nini, usiishie kwenye Ligi Kuu yao. Chungulia na hoki ya barafuni. Stan Kroenke wa Arsenal ana Colorado Avalanche. Bill Foley wa Bournemouth ndiye aliyeanzisha Vegas Golden Knights. Fenway, wenye Liverpool, waliinunua Pittsburgh Penguins mwaka 2021. Mark Walter, mmoja wa mabosi wa Chelsea, ndiye tajiri nyuma ya ligi nzima ya wanawake ya mchezo huo, yaani timu zote, siyo moja.

Kwa hiyo usiseme mambo ya barafu hayakuhusu. Wanaokaa kwenye vikao vya kuamua mji gani upewe timu ya hoki na mji gani unyimwe, baadhi yao ndio hao hao wanaoamua bei ya straika wako. Na NHL, ligi kubwa ya mchezo huo Marekani na Kanada, ina timu 32 na maneno ya kuongeza nyingine hayaishi. Miji inayotajwa sana ni Houston na Atlanta. Quebec hutajwa mwisho, kwa sauti ya huruma, kama mgonjwa wa siku nyingi.

Safu hii inasema hivi: Atlanta isipewe nafasi ya tatu kabla Quebec haijapewa ya pili.

Kwanza tuelewane jinsi mambo yanavyokwenda kule. Hakuna kupanda daraja wala kushuka. Timu ya mtaani haiwezi kuanzia ligi ya wilaya, ikaja ya mkoa, ikatoboa Championship hadi siku moja ikakutana na Simba kwa Mkapa. NHL ni nyumba yenye mlango mmoja, na funguo wanazo waliomo ndani. Tajiri anapeleka maombi, anaonyesha mji, uwanja na mkwanja, halafu wamiliki wenzake wanapiga kura. Akikubaliwa analipa ada ya kuingia, na ada hiyo wanagawana wamiliki waliotangulia. Wachezaji hawaoni hata senti.

Mwaka 1967 ada ilikuwa dola milioni 2. Mwaka 2000 Columbus na Minnesota zikaingia kwa dola milioni 80 kila moja. Las Vegas ikalipa milioni 500 na kuanza kucheza 2017, Seattle milioni 650 ikaanza 2021. Chukua hesabu ya Las Vegas peke yake: milioni 500 kwa timu 30 zilizokuwepo ni zaidi ya dola milioni 16 kwa kila mmoja, bila kusajili mtu, bila kufunga bao. Ukiwekewa mezani ofa kama hiyo, nani ataanza kuuliza mashabiki wa mji gani wana uchungu zaidi?

Na uchaguzi wa miji haukuwa msafi tangu mwanzo. Mwaka huo wa 1967 ligi ilitoka timu 6 hadi 12 kwa mpigo. Vancouver, mji wa Kanada unaokula na kulala hoki, ukanyimwa. St. Louis, ambako hapakuwa na mtu hata mmoja aliyepeleka maombi, ikapewa. Kisa? Wenye timu ya Chicago walikuwa na uwanja chakavu pale St. Louis na walitaka mtu wa kuwaondolea mzigo. Basi. Oakland nayo ikapewa, ikachechemea misimu tisa, ikahamishiwa Cleveland, na 1978 ikaunganishwa na timu ya Minnesota, jina lake likafutika. Vancouver ilikaa benchi hadi 1970. (Cha kuchekesha, St. Louis ikakamata kweli. Ipo hadi leo na 2019 ilibeba kombe. Michezo nayo ina vituko vyake.)

Tuwe wakweli, mara mbili hizi za mwisho ligi ilichagua vizuri. Foley alianza 2015 kwa kuwaambia watu wa Las Vegas waweke kishika uchumba cha tiketi za msimu kabla hata timu haijaidhinishwa, na zaidi ya tiketi 10,000 zikapata wenyewe. Huo ni mji wa jangwani, mji wa kamari, ambako barafu ya kawaida ni ile ya kwenye glasi. Wengi walicheka. Msimu wa kwanza tu Golden Knights wakafika fainali ya Kombe la Stanley, na 2023 wakalibeba. Seattle walifungua dirisha Machi 1, 2018. Tiketi 10,000 zikawekewa kishika uchumba ndani ya dakika 12.

Ni utaratibu mzuri ule. Shabiki anapiga kura kwa pesa yake, na tajiri hawezi kusema hakuona.

Sasa njoo Quebec. Mji huo ulikuwa na Nordiques, na watani wao wa jadi walikuwa Montreal Canadiens. Ukiwa Mtanzania huhitaji kuelezwa zaidi: ofisi moja, familia moja, na siku ya mechi watu hawasalimiani. Katikati ya miaka ya 1990 dola ya Kanada ikaporomoka. Viingilio vilikusanywa kwa dola ya Kanada, mishahara ikalipwa kwa dola ya Marekani. Kiongozi yeyote wa klabu hapa nyumbani anayelipa wageni kwa dola huku getini anakusanya shilingi, hesabu hiyo anaijua bila kufundishwa. Mwaka 1995 timu ikauzwa na kupelekwa Denver, ikaitwa Colorado Avalanche. Ndiyo hiyo hiyo aliyokuja kuinunua Kroenke miaka michache baadaye.

Halafu ikafuata dharau. Msimu wa kwanza kabisa Denver, Avalanche wakabeba Kombe la Stanley. Golini alisimama Patrick Roy, mzaliwa wa mji wa Quebec, aliyetoka Montreal katikati ya msimu huo huo. Watu wa Quebec walikaa sebuleni wakiangalia kikosi walichokilea kwa misimu ya vipigo kikinyanyua kombe umbali wa maelfu ya kilomita. Kuna maumivu ya kushuka daraja, hayo tunayajua, na mwakani unajipanga upya. Haya ya Quebec hayana mwakani.

Hawakukaa kulia tu. Desemba 2010 mashabiki zaidi ya 1,000 walipanda mabasi hadi Long Island, New York, wakajaa kwenye mechi isiyowahusu, wamevaa rangi ya bluu ya Nordiques, ili tu ligi iwaone. Kisha mji na jimbo wakachangia takribani dola milioni 370 za Kanada, pesa ya walipa kodi, kujenga uwanja wa kisasa. Centre Vidéotron ulifunguliwa Septemba 2015, una viti 18,259. Mwaka huo huo kampuni ya Quebecor ikapeleka maombi rasmi ya timu, sambamba na Las Vegas.

Juni 2016 Las Vegas ikaitwa, Quebec ikaambiwa isubiri. Sababu zilizotolewa: dola ya Kanada dhaifu, na kwamba kanda ya mashariki ilikuwa na timu 16 wakati magharibi zilikuwa 14. Sawa. Lakini Quebec ilikuwa upande wa mashariki hata siku iliyopokelewa fomu yake. Kama jiografia ndiyo kikwazo, kwa nini mtu aachwe atumie mamilioni halafu ndiyo afunguliwe ramani?

Tangu hapo uwanja ule wa kifahari unachezewa na vijana wa Remparts, na ligi kubwa inapita kama mgeni. Oktoba 2024 Los Angeles Kings walikwenda kucheza mechi mbili za kirafiki, na serikali ya jimbo ilikuwa imeahidi hadi dola milioni 7 za Kanada kufanikisha ziara hiyo. Soma tena. Mji ulionyang'anywa timu unalipia kuangalia timu za wenzake zikifanya mazoezi ya kabla ya msimu.

Atlanta je? Flames ilianza pale 1972, ikauzwa Calgary 1980. Ligi ikarudi 1999 na Thrashers; hiyo ikafika mechi za mtoano mara moja tu, mwaka 2007, na ikafungwa zote nne. Wamiliki walikuwa wakiburuzana mahakamani wao kwa wao. 2011 ikauzwa Winnipeg. Mara mbili, timu mbili, zote ziko Kanada sasa. Watetezi wa Atlanta wanasema kosa lilikuwa la wamiliki, siyo la mashabiki, na hapo nawaunga mkono. Shabiki wa Atlanta alitendewa vibaya kama wa Quebec. Ila tofauti ni hii: Atlanta ilipokosea wenye pesa, ilirudishiwa. Ni jiji la zaidi ya watu milioni 6 pamoja na vitongoji vyake, wakati Quebec haifiki hata milioni moja. Kwa macho ya anayeuza haki za televisheni, huo ndio mwisho wa mjadala.

Kwangu siyo mwisho, na ushahidi ni Winnipeg hiyo hiyo. Nayo ni mji mdogo. Nayo iliipoteza Jets yake mwaka 1996 kwa hesabu ile ile ya dola, timu ikapelekwa Phoenix, jiji kubwa lenye soko kubwa. Angalia kilichotokea. Timu ya Phoenix ikafilisika 2009, ikahangaika na viwanja, misimu miwili ya mwisho ikachezea kwenye uwanja wa chuo kikuu wenye viti visivyozidi 5,000. Mei 2023 wapiga kura wa Tempe wakakataa mpango wa uwanja mpya. Aprili 2024 kikosi kikahamishiwa Salt Lake City kwa dola bilioni 1.2. Wakati huo Winnipeg, iliyosemekana ni ndogo mno, imerudi ligini tangu 2011, na tiketi zake 13,000 za msimu ziliisha ndani ya siku chache tu. Soko kubwa lilikufa. Mji mdogo bado unacheza.

Unaweza kudhani labda ligi ya wanawake, PWHL, iliyoanza Januari 2024 na timu sita, ingekuwa na macho tofauti. Na kweli wao wana njia nzuri kuliko kaka zao. Kabla ya kuongeza timu walipeleka mechi za ligi katika miji tisa isiyo na timu, wakahesabu vichwa. Vancouver walikuja zaidi ya 19,000. Quebec, Januari 19, 2025, Montreal dhidi ya Ottawa, uwanja ukajaa, viti vyote 18,259. Aprili mwaka huo majibu yakatoka: Vancouver na Seattle. Seattle ilipata watu zaidi ya 12,000 kwenye mtihani ule ule. Huwezi kumwambia mtoto aliyeshika nafasi ya pili darasani asubiri, ukampandisha aliyekuwa nyuma yake, halafu ukashangaa akiuliza maswali.

Kabla hujasema hayo ni ya Wazungu, kumbuka Mbarali. Novemba 2022 Ihefu waliisimamisha Yanga iliyokuwa imecheza mechi 49 za ligi bila kupoteza, pale Highland Estates. Wananchi wa Ubaruku walikuwa na timu ya kuwatambia vigogo. Leo timu ile ni Singida Black Stars na nyumbani kwake ni Singida. Singida iliyokuwepo kabla yake ikageuka Fountain Gate, ikaenda Mwanza, ikaenda Babati. Sisemi wenye timu walivunja kanuni. Nasema kanuni hazikumuuliza mtu wa Ubaruku chochote.

Ndiyo maana kilio cha Quebec kinanigusa kuliko fedha za Houston. Wakati NHL inajipanga kufungua mlango tena, iweke masharti mawili kabla ya kuhesabu noti. La kwanza, mji uliowahi kupoteza timu, ukaleta mnunuzi na uwanja uliokamilika, usikilizwe kwanza, na ukikataliwa uambiwe sababu inayoweza kurekebishwa. La pili, tajiri anayetumia uwanja uliojengwa kwa kodi za watu asiruhusiwe kuhamisha timu mpaka wenyeji wapewe muda na nafasi ya kuinunua.

Hilo la pili halijatoka kichwani mwangu. Jimbo la Ohio lilitunga sheria ya namna hiyo baada ya Cleveland kunyang'anywa timu yake ya mpira wa Kimarekani katikati ya miaka ya 1990: taarifa ya miezi sita, na wenyeji wapewe fursa ya kununua. Mwaka 2017 mwenye Columbus Crew, klabu ya soka letu hili hili, alipotaka kuihamishia Austin, jimbo na jiji wakaenda mahakamani na sheria hiyo mkononi, mashabiki wakakomaa barabarani. Akapatikana mnunuzi mwingine. Austin wakapewa timu yao mpya 2021. Crew wapo Columbus, na wamebeba ubingwa wa MLS 2020 na 2023.