Jini wa Kwenye Kideo Hajaua Mtu

Ukiishi Gulwe na ukajulikana kuwa mpenzi wa filamu na vitabu vya kutisha, majirani watakuombea. Sisemi kwa mzaha. Wanakuombea kwa nia njema, wengine kwa sauti, nawe umekaa hapohapo unasikia. Na imani inayowasukuma haiko Gulwe peke yake. Panda treni hapa stesheni, shuka Dar es Salaam, utaikuta imekutangulia. Inasema hivi: anayetazama majini, wachawi na maiti zinazotembea anajifungulia mlango, picha hizo zinawafundisha vijana uchawi, hofu ikishaingia kwa macho haitoki bila maombi. "Mwanangu, kwa nini unayakaribisha mambo ya giza mwenyewe?" mzee mmoja wa kanisa aliniuliza, akanisihi nifute kila kilichomo kwenye fleshi yangu.

Sikufuta. Na leo nasema wazi kwamba imani hiyo si ya kuchekwa tu, ina madhara. Inamkamata mpita njia huku mwizi anaondoka na mbuzi.

Kwanza tulimalize lile la kwamba hofu hizi ni za Wazungu. Ng'ambo ya mto, kwenye milima ya Ukaguru, mwanaanthropolojia Mmarekani T. O. Beidelman alianza utafiti wake mwaka 1957, na Wakaguru wakamweleza mchawi alivyo: anatembea kichwa chini miguu juu, yuko uchi, kajipaka majivu mwili mzima. Nimetazama filamu za kila nchi, sijaona aliyebuni sura inayoifikia hiyo. Huku kwetu Ugogo kila mtoto anajua kwamba fisi anayelia karibu na zizi huenda ana abiria mgongoni. Hatukumsubiri Bram Stoker atoe Dracula mwaka 1897 ndipo tujifunze kuogopa usiku.

Halafu kuna msukule. Zombi wa sinema asili yake ni Haiti, kisiwani ambako Waafrika waliuzwa wakakatishwe miwa, na hofu yao kubwa ikawa kwamba hata kufa hakutawatoa shambani. George Romero alipotoa Night of the Living Dead mwaka 1968, wafu wake wakaanza kula watu, na dunia nzima ikamfuata. Mimi naona walipoteza kitu. Msukule wa kwetu hamli mtu. Amezikwa, ameliliwa, matanga yameanuliwa, kumbe yuko uani kwa mtu fulani, ulimi umekatwa, analishwa pumba, analima usiku kucha shamba lisilo lake. Ukikumbuka kwamba wazee wa ukanda huu walikwenda kukata mkonge Kimamba kwa kipande, utaelewa kwa nini hadithi hiyo inauma mahali ambapo meno ya Hollywood hayafiki.

Elimu yangu ilianzia kwenye kibanda cha video. Madirisha yamezibwa kwa magunia, mabenchi ya mbao mbichi, jenereta inanguruma nje, na sauti ya Lufufu, mtafsiri wa filamu, inatuelezea kwa Kiswahili mambo ambayo waigizaji wenyewe hawakuwa wameyasema. Zikaja filamu za Mussa Banzi, Nsyuka na baadaye Shumileta ya mwaka 2005, na hapo majini wakawa wanaongea lugha yetu na kupita kwenye barabara zetu za vumbi. Kibanda kizima kilipiga kelele, kisha kikacheka. Tulitoka tunasukumana, kila mmoja akitaka mwenzake atangulie gizani. Hakuna aliyetoka akaenda kumvizia bibi wa mtu.

Siku moja spika ilikufa katikati ya picha. Jenereta ikaendelea, picha ikaendelea, sauti hamna. Na yule mzimu, ambaye dakika moja nyuma alikuwa amewanyamazisha vijana wenye ndevu, akageuka msichana aliyepakwa poda usoni, anayesubiri kuambiwa aanze kutembea. Ukiangalia vizuri uliona poda imeishia shingoni. Tangu siku ile najua kwamba nusu ya hofu ni ngoma na kinanda, na nusu nyingine ni kunyamaza kwa wakati wake. Mwenye kutengeneza hofu anaanza na jambo la kawaida: mlango, ndoo ya maji, mtoto anayeita mama. Anapunguza sauti. Anakuacha usogee mbele kwenye benchi. Ndipo anapokupiga.

Sasa nisikilizeni. Miaka kadhaa baadaye nilikwenda kwenye mkutano wa injili, uwanja umejaa, na akapandishwa jukwaani mtu wa kutoa ushuhuda. Alisema aliwahi kuwa msukule. Akaanza na jambo la kawaida: alitumwa dukani jioni. Akapunguza sauti. Kinanda kikashuka naye, noti moja imeshikiliwa chini. Akanyamaza. Uwanja ukasogea mbele. Nikajua sekunde gani kinanda kitapanda, na kikapanda. Pembeni yangu wanawake walikuwa wanalia kwa uchungu wa kweli. Mimi nilikuwa kibandani tena, tofauti ni kwamba hapa hakuna aliyekuwa tayari kucheka mwishoni, na mtoa ushuhuda alimalizia kwa jambo ambalo Mussa Banzi hakuwahi kulifanya: alisema waliomchukua bado wapo, na mmoja wao ni bikizee mwenye macho mekundu, hakai mbali na hapa.

Watu wangapi pale uwanjani walikuwa na jirani mwenye macho mekundu? Miaka hamsini ya moshi jikoni inatosha kumpa mwanamke yeyote macho ya namna hiyo. Usukumani wanawake wazee wameuawa kwa mapanga kwa sababu hiyohiyo, na waliowaua hawakuhitaji kutazama filamu. Walihitaji mtu wa kuwahakikishia kwamba hadithi si hadithi.

Hapo ndipo ugomvi wangu ulipo. Hadithi ya kutisha inayokiri kwamba ni hadithi ina mlango wa kutokea. Bibi alikuwa anafungua kwa "hadithi, hadithi", sisi tunaitikia "hadithi njoo", na kuanzia hapo zimwi lilikuwa na ruhusa ya kula kijiji kizima, maana wote tulijua tumekubaliana. Akimaliza, tunakwenda kulala. Ushuhuda hauna mlango huo. Mpiga ramli hana. Uvumi wa sokoni hauna. Vinachukua ufundi uleule, kinanda kilekile, na vinakuacha nje na panga mkononi.

Watazameni lambalamba, wale wanaopita kwenye vijiji vya mikoa ya kati na mashariki wakidai kutoa uchawi majumbani. Wanaingia na kundi la watu nyuma yao, wananusa, wanasimama ghafla, wanachimba sakafu ya mtu, wanainua pembe iliyofungwa kitambaa chekundu. Umati unapiga yowe. Yeyote aliyekaa kibandani miaka miwili anajiuliza swali moja: kifaa cha igizo kilifika pale na nani? Lakini kijana aliyekatazwa filamu tangu utotoni hajawahi kuona poda ikiishia shingoni. Anaiona pembe, basi. Kesho yake mwenye nyumba anahama kijiji, ikiwa amebahatika.

Pemba na Unguja mwaka 1995 familia nzima zilikesha nje, zimekusanyika kando ya moto, kwa kumhofia jini aitwaye Popobawa. Hofu ile ilisafiri kwa midomo, kutoka kijiji hadi kijiji. Unguja umati ulimpiga hadi kumuua mtu mwenye ugonjwa wa akili, ukiamini ndiye. Na mauaji ya watu wenye ualbino yaliyoitikisa nchi kuanzia mwaka 2007 yaliendeshwa na waganga walioahidi dhahabu na samaki, si na watunzi wa riwaya. Serikali ilipotangaza Januari 2015 kuwapiga marufuku wapiga ramli, ililenga mahali panapostahili. Vibanda vya video havikuwa na hesabu ya kujibu.

Mtaniuliza kuhusu Nigeria. Ni haki yenu. Filamu ya End of the Wicked ya mwaka 1999, iliyotoka kwa mhubiri Helen Ukpabio, ilionyesha watoto wakiingizwa uchawini, na watetezi wa haki za watoto waliilaumu kwa kuchochea watoto wa kweli kushutumiwa na kutupwa mitaani. Ni mfano mzuri, na uko upande wangu. Filamu ile ilitoka kanisani kwenda kwa waumini, kama somo la jinsi dunia ilivyo. Ni ushuhuda uliopigwa picha. Kama mzee wangu wa kanisa anatafuta kanda ya kuchoma, aanze na hiyo.

Ajabu ni kwamba huyohuyo mzee anamsifu Shaaban Robert kila akipata nafasi. Adili na Nduguze, kitabu cha mwaka 1952, alikisoma shuleni na anasema kilimfundisha maadili. Nikamuuliza anakumbuka nini. Akasema: wema, subira, undugu. Mimi nakumbuka gavana mwadilifu anayefungua chumba kila usiku na kuwachapa manyani wawili, wanalia, naye analia, kwa sababu ni ndugu zake wa damu waliogeuzwa na jini, na akiacha kuwachapa atapatilizwa yeye. Hiyo ni hadithi ya kutisha kuliko nyingi nilizozitazama kwenye kideo. Serikali mbili, ya mkoloni na ya uhuru, zimeiacha mikononi mwa watoto, na hakuna aliyeota pembe.

Na Muhammed Said Abdulla je? Mzimu wa Watu wa Kale kilishinda shindano la uandishi la mwaka 1957 na 1958, kikachapishwa 1960. Maiti isiyo na kichwa inakutwa kwenye mzimu, mahali pa kafara. Kila mtu yuko tayari kusema mizimu imekasirika. Anakuja Bwana Msa na kiko chake mdomoni, anauliza nani anafaidika na kifo hiki, na mizimu inatoweka wanabaki binadamu wenye tamaa. Riwaya pendwa ya Kiswahili ilianza hivyo: ilichukua hofu yetu kubwa, ikatutisha nayo kwa raha zake, kisha ikatuonyesha mkono ulioshika kisu. Nani anadai tunafundishwa ushirikina?

Sisi wa reli ya kati tuna sababu yetu ya kupenda maswali ya Bwana Msa. Tarehe 24 Juni 2002, kati ya Igandu na Msagali, na Msagali ni stesheni inayofuata ukitoka Gulwe kwenda Dodoma, treni ya abiria iliyobeba zaidi ya watu 1,200 ilishindwa kupanda mlima, ikaanza kurudi nyuma. Ilirudi kilomita nyingi, inazidi kasi, watu ndani wanajua. Ikagonga treni ya mizigo. Walikufa watu 281. Nimesoma waandishi wa kutisha wa mabara mawili na hakuna aliyenifikisha ndani ya mabehewa yale, na sitaki anifikishe. Lakini najua kwamba mbele ya jambo kama lile, mtu anayeuliza breki zilikuwaje ana faida kwa abiria wa kesho, na anayesema "mkono wa mtu" hana faida yoyote. Mteremko na uzito vilitosha. Jini hakuwa na kazi pale.

Nakubali jambo moja bila kubishana: mtoto wa miaka sita asikae kibandani saa tatu usiku. Bodi ya Filamu inapanga madaraja ya umri, na mwenye kibanda anaangalia shilingi mia tano aliyoshika mtoto. Wazazi wapigane na hilo, nitasimama nao. Ila mtu mzima anayejifungia na riwaya ya Stephen King au anayerudia Shumileta kwenye simu yake hahitaji kuombewa kuliko anayekwenda kumsikiliza mchimba pembe.

Juzi nimesikia kwamba kijiji kimoja huku ndani kinachangishana, kila kaya kiasi chake, waitwe lambalamba waje kusafisha. Wanaochangisha ni watu wazima, baadhi yao ni walewale walionishauri nifute fleshi. Fleshi bado ninayo, na nakala ya Mzimu wa Watu wa Kale pia, jalada limetoka lakini kurasa zimetimia. Naiazima bure kwa kaya yoyote itakayokataa kutoa mchango huo.