Sina la Kuficha

Jirani yangu hupenda kusema: "Waache wanichunguze. Mimi sina la kuficha." Kila nikiyasikia maneno hayo hujiuliza: ni nani mwenye kuamua lipi ni kosa? Si yeye. Ni yule amchunguzaye.

Tuitazame Ujerumani ya Mashariki. Mwaka 1989 Stasi, idara yake ya usalama, ilikuwa na watumishi wapatao 91,000 na watoa habari wa siri wapatao 189,000, katika nchi ya watu milioni 16 hivi. Barua za watu zilifunguliwa kwa mvuke, zikasomwa, zikafungwa tena. Mwaka 1992 wananchi waliporuhusiwa kusoma majalada yao, wapo waliogundua kuwa aliyewachongea ni rafiki, au hata mume wa ndani. Kikulacho ki nguoni mwako.

Tusidhani kuwa huo ulikuwa ugonjwa wa wakomunisti tu. Mwezi Juni 2013 Edward Snowden alifichua kuwa serikali ya Marekani ilikuwa ikikusanya kumbukumbu za simu za mamilioni ya raia wake: nani kampigia nani, lini, kwa muda gani. Mwaka 2015 mahakama ya rufani ilisema sheria haikuruhusu jambo hilo. Hata hivyo, aliyegeuka mkimbizi alikuwa yule aliyetoboa siri.

Na huko Xinjiang, nchini China, shirika la Human Rights Watch lilieleza mwaka 2019 jinsi programu ya polisi ilivyomtilia shaka hata mtu atumiaye umeme mwingi, au aepukaye kupita mlango wa mbele. Je, jirani, kupitia mlango wa uani nako ni hatia?

Wataniambia kuwa serikali haina budi kuwatafuta magaidi. Sawa, na imtafute mshukiwa kwa hati ya hakimu. Kuwapekua wote ili apatikane mmoja ni kuwafanya wote washukiwa.

Nami nakiri: nikitaja jina la mkubwa kwenye simu, hupunguza sauti. Hakuna aliyenikataza. Nimejikataza mwenyewe, na hiyo ndiyo faida yao kubwa.

Serikali ni mtumishi wetu. Mtumishi achunguliaye chumba cha bwana wake, huku chake amekitia kufuli, si mtumishi tena. Kwa hiyo nitafunga dirisha langu. Si kwamba naficha uovu, bali nyumba ni yangu.