Udhaifu Wangu Ni Kufanya Kazi Kupita Kiasi

Haya wadau, leo nina ugomvi. Wa kwanza ninayegombana naye ni mimi mwenyewe, kwa hiyo msiwahi kujitetea.

Mmewahi kuulizwa kwenye usaili wa kazi mtaje udhaifu wenu? Najua mlivyojibu, maana hata mimi ndivyo nilivyojibu: "Udhaifu wangu ni kufanya kazi kupita kiasi." Wale watu watatu waliokaa mbele yangu wakatikisa vichwa kwa kuridhika, nikapata kazi. Tangu siku hiyo sijakutana na msomi mwenye udhaifu wa kweli. Tuna semina za kujitambua, tuna vitabu vya mafanikio, tuna madaftari ya malengo. Kila Januari tunatangaza kwamba tumejitafakari kwa kina na kugundua kuwa tatizo letu ni kuwaamini mno marafiki! Yaani mtu anaingia ndani ya nafsi yake, anatoka na cheti.

Ngoja niwape udhaifu wangu wenyewe.

Mimi ni Muha. Baba ni wa Kasulu, mama ni wa Kibondo. Nilipokuwa chuo Dar es Salaam, mtu akiniuliza kwetu wapi nilijibu, "Tabora." Wanaotoka kule juu wanaijua sababu. Ukitaja Kasulu tu unasikia, "Aa, kumbe Mrundi!" halafu kicheko. Kiha na Kirundi ni lugha ndugu, watu wanaelewana bila mkalimani, na kwa baadhi ya watu wa Dar hilo peke yake linatosha kukunyang'anya uraia. Ningeweza kubisha. Badala yake nilicheka nao, na akitaniwa mwingine kwamba ni mkimbizi, mimi ndiye niliyecheka kwa sauti kubwa kuliko wote.

Kisha nikawa mwandishi wa habari. Mwaka 2022 nilikuwa Kibondo, gari likatekwa njiani usiku. Nikampigia simu mtu ambaye huwa ananipa habari. Akasema, "Watakuwa wakimbizi tu hao." Na mimi nikaandika wakimbizi. Kambi ya Nduta ilikuwa wilaya hiyohiyo, wala sikuomba kibali cha kuingia. Miezi ikapita, waliofikishwa mahakamani na kukutwa na hatia walikuwa vijana wenyeji, Watanzania kama mimi. Sikuandika hata mstari mmoja. Nilijiambia habari imeshapoa.

Kwa nini neno lile lilinitoka kirahisi hivyo? Si kwamba lilitoka hewani. Baada ya Rais Ndadaye kuuawa Burundi, Oktoba 1993, watu walivuka mpaka kwa maelfu. Mwaka 1996 ikafunguliwa Nyarugusu, Kasulu, kwa Wakongo. Silaha nazo zilivuka. Mabasi yalisafiri yakisindikizwa na askari wenye bunduki, na wapo wakimbizi walioshiriki ujambazi, hilo sitalificha. Lakini ukweli huo ndio nilioutumia kujificha. Kwa kuwa baadhi yao waliwahi kuteka magari, sikuona haja ya kuuliza ni nani aliyeteka gari hili.

Na kule kwetu tunajua neno "mkimbizi" linavyoweza kumwangukia mtu. Mwishoni mwa 1997 jeshi lilipita vijijini magharibi mwa nchi likawakusanya maelfu ya wageni na kuwapeleka kambini. Wengi walikuwa Warundi waliokuwa wakiishi na wenyeji kwa miaka mingi, wameoa na kuzaa humohumo. Mimi sikuwa nimezaliwa. Bibi yangu mzaa mama alikuwepo, na majirani zake wawili walichukuliwa.

Bibi huyo hasomi magazeti. Ana redio, na kila asubuhi husikiliza wanapopitia vichwa vya habari. Nilipomtembelea baada ya habari yangu kutoka, tukaamkiana salamu yetu ndefu ya makofi, akanipa ugali wa muhogo na maharage, kisha akanyamaza kidogo.

"Mume wangu," aliniita kwa utani wake wa siku zote, "yule kijana wa Burundi aliyekuwa akinilimia haji tena. Tangu redio iseme ni wakimbizi, watu hapa walimwambia wakimwona tena watamchoma moto. Ile habari ni wewe uliyeandika?"

Nikamwambia ni wahariri.

Bibi yangu wa miaka sabini na ushee, nikamdanganya nikiwa na tonge mkononi. Na usiku uleule, kitandani kwake, nilisoma kurasa kumi za kitabu cha kujiendeleza na kupigia mstari sentensi kuhusu uadilifu!

Ndiyo maana siziamini tena tafakari za chumbani. Nyani haoni kundule, na wala si kwa sababu ni mjinga. Macho yake yako upande mwingine. Anayeliona ni yule anayekuja nyuma yake. Sisi tunajitafakari peke yetu mlango umefungwa, mashahidi wote tumewaacha nje, halafu tunashangaa mbona kila mwaka tunakuta nafsi ni nzuri tu.

Hata wakubwa waliothubutu walikwama hapohapo. Mwaka 1977 Mwalimu Nyerere aliandika tathmini ya miaka kumi ya Azimio la Arusha, akasema waziwazi kwamba Tanzania haijawa ya kijamaa wala haijajitegemea. Nitajieni kiongozi wa leo anayeweza kuandika hivyo akiwa bado madarakani. Lakini alipofika kwenye kuhamishiwa vijijini, alikiri kwamba wapo waliotendewa vibaya, kisha akajitetea kuwa mamilioni ya watu wasingeweza kuhamishwa kwa nguvu. Kigoma ilihamishwa mapema, kwa Operesheni Kigoma ya 1972. Mulizeni bibi yangu kama aliombwa ridhaa.

Sasa najua mtasema mwandishi mchanga hana ubavu, mhariri ndiye mwenye gazeti. Kweli nilimwendea mhariri, akasema hakuna anayekumbuka. Bibi anakumbuka. Kwa hiyo naandika hapa: habari niliyoandika mwaka 2022 kuhusu gari lililotekwa Kibondo ilisema watekaji ni wakimbizi. Hawakuwa wakimbizi. Sikumuuliza mkimbizi hata mmoja, na nilipoujua ukweli nilinyamaza.

Jumamosi napanda basi kwenda Kibondo kumsomea bibi haya kwa Kiha. Nitamuuliza pia jina la yule kijana. Sikuwahi kuliuliza.