Kangomba, Salfa na Haki ya Mkulima

Ndugu zetu Waislamu wa Kilwa, Lindi na Mtama hawahitaji kuelezwa kangomba ni nini. Mkulima asiye na unga ndani wakati wa masika humwendea mwenye fedha, akakopa, akaahidi kulipa kwa korosho msimu ukifika, kwa bei ya kutupa na kwa bakuli alilolichagua mkopeshaji. Wapo wanaodai kuwa hiyo ndiyo salam ya vitabu vya fiqhi. Hatukubaliani nao hata kidogo. Salam imeruhusiwa kwa kipimo kinachojulikana na muda unaojulikana, na thamani yote hukabidhiwa papo hapo. Bakuli la kangomba ujazo wake anaujua mwenyewe, na Suratul Mutaffifin imefunguliwa kwa onyo kwa watu wa namna hiyo. Deni likishindikana, likaongezwa kilo kwa msimu wa pili, hiyo ni riba isiyohitaji mufti.

Serikali nayo iliikemea kangomba. Novemba 2018, baada ya wakulima kukataa bei za minadani, Rais John Magufuli alitangaza kuwa Serikali itanunua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likapewa kazi ya kuisomba. Ukafuata uhakiki wa mashamba ili asilipwe asiye mkulima. Nia ilikuwa njema. Lakini wengi walisubiri fedha zao hadi mwaka 2019, na tunauliza: aliyesubiri alikula nini, na alikopa kwa nani kama si kwa yule yule wa bakuli? Uislamu umeamrisha mfanyakazi alipwe kabla jasho lake halijakauka. Mkulima aliyekwisha kukabidhi mzigo ghalani ana haki iyo hiyo.

Juni 2018 Bunge lilibadili sheria ya ushuru wa korosho inayokwenda nje. Kabla ya hapo asilimia 65 ya ushuru huo ilirejea kuendeleza zao, ikiwemo pembejeo. Baada yake mapato yote yakaelekezwa Hazina, ingawa wabunge wa kusini walipinga kwa sauti kubwa. Na mkorosho usiopuliziwa salfa huliwa maua yake na ubwiri unga.

Katika misimu iliyofuata mwaka 2021 salfa imekuwa ikigawiwa kwa ruzuku kwa wakulima waliosajiliwa. Hapa tuseme na nafsi zetu. Anayeandikisha mikorosho asiyokuwa nayo, kisha mifuko akaiuza, anajitetea kuwa mali ya Serikali haina mwenyewe. Inaye: ni yule mjane wa jirani aliyeambiwa mgao umekwisha. Wanavyuoni wameiita hiyo ghuluul, na mjumbe wa kijiji anayelipitisha jina hilo ni mshirika wake.

Tunapendekeza kila msikiti uwe na mfuko wa qardh hasan. Hatusemi ziwe fedha za zaka, kwani katika madhehebu yetu ya Kishafii korosho si chakula kikuu na haitolewi zaka ya mazao; sadaka ya baada ya mnada inatosha kuanzia. Mkulima akopeshwe wakati wa masika, arejeshe shilingi zile zile malipo yake yakiingia, na deni liandikwe mbele ya mashahidi wawili.