DENI LA GAZETI NA HAKI YA MSOMAJI

Kuandika gazeti ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kulifikisha mikononi mwa msomaji, na hapo ndipo penye uamuzi mgumu.

Desturi yajulikana. Wakala hupewa nakala kwa mkopo, huziuza, huchukua kamisheni yake, kisha huleta fedha pamoja na nakala zilizobaki. Fedha zisiporudi, karatasi na wino vya kesho havinunuliki. Gazeti la Ngurumo, lililoanza mwaka 1959, liliuzwa kwa senti 10 tu. Gazeti la bei ya namna hiyo huishi kwa zile senti zinazorudi.

Inasikitisha kuona kwamba miongoni mwa wadaiwa wamo wenzetu. Wako wanaochukua mafungu ya magazeti kwa jina la Chama, wakayagawa kwa marafiki, au wakayaacha yaliwe na mchwa chini ya meza. Wakidaiwa husema: “Gazeti ni la Chama, nasi ndio Chama.” Twawauliza: je, kuli wa bandarini anayetoa fedha yake mfukoni kila asubuhi, yeye si Chama? Na mpiga chapa anayengoja mshahara wake, yeye ni nani?

Wako pia wanaoshauri kwamba tuviache vijiji vya mbali, kwa kuwa nauli hula bei yote ya gazeti. Shauri hilo hatulikubali. Kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma, ambako reli ilifika mwaka 1914, ni zaidi ya kilomita 1,200. Lakini mkulima wa huko ana haki ya kujua mambo ya nchi yake sawa na karani wa mjini. Siku hizi habari hupita katika simu, ila si kila mzee ana simu ya kumsomea.

Kwa hiyo yatupasa kuamua bila kuoneana haya. Asiyelipa kwa miezi miwili asimamishiwe mzigo, awe wakala wa kawaida au kiongozi. Anayerudisha nakala nyingi kila wiki apunguziwe. Zitakazookolewa zipelekwe kwa msomaji wa mbali anayezingoja na kuzilipia.

Kumnyima ndugu ni jambo zito. Lakini kumlinda mdaiwa ni kumnyima msomaji asiye na kosa. Dawa ya deni ni kulipa.